Zaventem mpaka N'Djili, N'Djili mpaka Luano: kilomita hazibadilike, masaa ndiyo yanabadilika



Kuna swali moja linalorudi kila mara katika mikutano yetu ya mwezi, zaidi sana siku tunapompokea mwenzetu mpya: toka Ulaya mpaka hapa kwetu Lubumbashi, ni mbali namna gani? Kila mutu anajibu kwa kipimo chake. Aliyerudi majuzi anasema ni siku mbili, na usiku mmoja wa kulala Kinshasa. Aliyekwenda kwa njia ya jangwa anasema ni miaka mitatu. Na mama aliyebaki nyumbani akingoja simu anasema hajui kuhesabu, maana kwake ilikuwa ni maisha nzima. Wote wanasema kweli. Ndiyo sababu safari hii tumeona vema tuandike kidogo historia ya njia hii, tuone ni nani aliyeipita, kwa siku ngapi, na kwa ruhusa ya nani.

Tuanze na kipimo ambacho hakuna wa kukibishia. Toka uwanja wa ndege wa Zaventem, Brussels, mpaka uwanja wa N'Djili, Kinshasa, ukivuta mstari mnyoofu juu ya dunia, ni kama kilomita 6,240. Ndege kubwa za leo zinakwenda kilomita 850 mpaka 900 kwa saa zikiwa juu. Ukiongeza muda wa kupanda, wa kushuka na wa kuzunguka mawingu ya mvua, unapata karibu masaa nane. Toka N'Djili mpaka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, ni kama kilomita 1,550 tena, yaani masaa mawili na kitu. Kwa jumla ni kilomita karibu 7,800, na mutu anakaa angani masaa kumi na kidogo.

Saa ya mkononi nayo ina mambo yake. Kongo ina saa mbili: ya Kinshasa na ya kwetu, na yetu iko mbele kwa saa moja. Wakati wa baridi kule Ulaya, Brussels na Kinshasa zina saa moja ileile. Wakati wa joto, wakisogeza saa zao mbele, Brussels inalingana na Lubumbashi. Kwa hiyo mutu anaweza kupita jangwa zima na msitu mzima akatua Kinshasa bila kugusa saa yake, halafu akaja kuibadilisha akiwa ndani ya inchi yake mwenyewe.

Kilomita hizi zilikuwa hivyo wakati wa Leopold II, zikawa hivyo wakati wa Mobutu, na ni hivyo leo. Kitu kilichobadilika ni masaa. Na hayakubadilika kwa watu wote sawasawa: kwa wamoja yalipungua, kwa wengine yaliongezeka.

Wakati wa meli

Mbele ya ndege, njia ilikuwa ni bahari. Meli ilitoka Anvers ikafika Matadi kwa wiki mbili mpaka tatu. Toka Matadi kulikuwa reli ya kufika Léopoldville, iliyomalizika mwaka 1898. Ni njia ya karibu kilomita 400 tu, lakini ilichukua miaka minane kuijenga, na watu wengi walikufa pale, wamoja wa Kongo na wengine walioletwa kutoka Afrika ya Magharibi. Reli ilipofunguliwa, treni ilikwenda siku mbili, abiria wakilala katikati ya njia, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu.

Wakongo nao walipanda meli hizo, lakini hawakupanda kwa kupenda kwao. Mwaka 1897, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Brussels, Leopold II alipeleka Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, akawaweka Tervuren ndani ya vijiji vya kujengwa, ili watu waje kuwatazama. Ule mwaka majira ya joto yalikuwa ya mvua na baridi. Saba kati yao walikufa kule, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Waliobaki walirudishwa kwa meli. Tukitafuta mwanzo wa hesabu ya waliorudi katika njia hii, tunaweza kuanza na wale. Walipelekwa kwa amri, wakarudishwa kwa amri, na saba hawakurudi kabisa.

Yuko mwingine ambaye chama kama chetu hakiwezi kumsahau: Paul Panda Farnana. Alizaliwa mwaka 1888 upande wa bahari, kule Bas-Congo. Alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto, akasoma kilimo mpaka akapata diplome. Vita ya 1914 ilipoanza aliingia jeshi la Ubelgiji kwa kujitolea, akashikwa na Wadachi, akakaa mfungwa mpaka vita ikaisha. Mwaka 1919 alianzisha Brussels chama kilichoitwa Union Congolaise. Kilikuwa ni chama cha kusaidiana cha Wakongo waliokuwa kule: wengi wao walikuwa askari wa zamani, mabaharia na watumishi wa nyumba. Kazi yake tunaijua sisi vizuri: kusaidia mgonjwa, kuzika aliyekufa mbali na kwao, kudai haki ya mwenye kunyimwa. Panda alirudi kijijini kwake mwaka 1929, akafa mwaka 1930. Kwa hiyo mambo tunayofanya leo kwa kotizasio zetu ndogo si mapya. Yana miaka zaidi ya mia moja, na yalianzishwa na mutu ambaye mwishoni naye alirudi nyumbani.

Siku hamsini na moja

Mwaka 1925, avoka mmoja wa Brussels aitwaye Edmond Thieffry, aliyekuwa rubani maarufu wa vita, alitaka kuonyesha kwamba ndege inaweza kufika Kongo. Alitoka Brussels tarehe 12 Februari pamoja na wenzake wawili, Léopold Roger na Jef De Bruycker, ndani ya ndege ya mashini tatu aina ya Handley Page, iliyopewa jina la Princesse Marie-José, binti wa mfalme Albert. Walitua Léopoldville, uwanja wa N'Dolo, tarehe 3 Aprili. Siku 51. Meli ilikuwa ikienda upesi kuliko wao!

Lakini angalieni hesabu ya ndani. Katika siku zile 51, ndege ilikuwa hewani masaa kama 75 tu, kwa njia ya zaidi ya kilomita 8,000. Siku zingine zote walikuwa chini: kutengeneza mashini, kungojea piesi, kungojea upepo wa mchanga utulie, kutafuta mafuta. Kilichowachelewesha ni vituo. Mutu yeyote wa chama chetu aliyewahi kusafiri kwa kuvizia anajua maneno hayo bila kufundishwa: siku za kutembea ni chache, siku za kungojea ndizo nyingi.

Tena tuangalie njia aliyopita. Alishuka Ufaransa mpaka Hispania, akavuka bahari kufika Oran, akapita Colomb-Béchar, akaingia jangwa, akafika Gao, Niamey, Zinder, halafu Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, akashuka Bangui na kufuata mto. Oran, Béchar, Gao, Niamey, Zinder. Wanamemba wetu waliopita jangwani wanasoma majina hayo na kunyamaza. Ni miji ya njia yao wao, lakini imeandikwa kichwa chini, maana Thieffry alikuwa akishuka nao walikuwa wakipanda. Yeye alikuwa juu, akipokewa na wakubwa wa kila mji. Wao walikuwa chini, nyuma ya gari la mizigo, wakishikilia fimbo wasianguke mchangani.

Thieffry hakuzeeka. Alikufa mwaka 1929, ndege ilipoanguka karibu na Ziwa Tanganyika, akiwa katika kazi ya kutafuta njia za ndege za ndani ya Kongo.

Tano na nusu, nne, mpaka masaa nane

Baada ya miaka kumi, njia yake ikawa laini ya kila siku zote. Tarehe 23 Februari 1935 kampuni ya Sabena ilituma ndege ya kwanza ya ratiba toka Brussels kwenda Léopoldville. Ilichukua siku tano na nusu. Abiria walikuwa wachache sana, wakiruka mchana na kulala chini usiku, kituo kwa kituo. Ndege mpya za Savoia-Marchetti zikapunguza muda mpaka siku nne. Baada ya vita ya pili zikaja ndege za Amerika, DC-4 na halafu DC-6, na safari ikawa ya kuhesabu kwa masaa, kwa vituo vichache tu vya kuchukua mafuta. Mwisho wa miaka ya 1950 N'Djili ikafunguliwa nje ya mji, na njia ya kutulia yenye karibu kilomita tano kwa urefu, kwa sababu N'Dolo ilikuwa imekuwa ndogo. Halafu Boeing 707 ikaja, mashini za kusukuma kwa moto, na Brussels ikawa mbali kwa usiku mmoja.

Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo vitabu vya ndege vinaisimulia kwa furaha: siku 51, siku tano na nusu, siku nne, masaa nane. Lakini ni nani alikuwa ndani ya viti? Karibu wote walikuwa wazungu: wakubwa wa serikali, watu wa makampuni, wamisionari, bibi zao na watoto wao wakienda likizo. Mukongo hakuweza kutoka inchi bila ruhusa ya serikali, na ruhusa hiyo ilitolewa kwa kijiko. Katika miaka ya 1950 ndipo wanafunzi wa kwanza wakaanza kuingia vyuo vikuu vya Ubelgiji, na mwaka 1958 mamia ya Wakongo wakapelekwa kwa maonyesho mengine makubwa ya Brussels. Kwa mafundi wa Union Minière hapa kwetu, ndege ilikuwa ni kelele ya kupita juu ya nyumba.

Mwaka mmoja, viti vikageuka

Mwaka 1960 ndio ulionyesha wazi kwamba masaa ya safari ni jambo la uwezo, si la mashini peke yake. Mwezi wa Januari, Patrice Lumumba alikuwa mfungwa. Alihukumiwa Stanleyville, akaletwa gereza la Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa. Wakati ule, Brussels, Meza ya Mviringo ilikuwa imeanza, na wajumbe wa Kongo wakasema hawataendelea bila yeye. Basi akafunguliwa, na kwa muda wa siku moja tu akatoka gereza la Katanga akafika Brussels, mikono ikiwa bado na alama za pingu. Ndege ilikuwa ni ileile iliyokuwapo juzi. Kilichobadilika ni kwamba sasa walihitaji aende.

Mwezi wa Julai ulikuwa upande mwingine. Baada ya maasi ya askari, Sabena ilikusanya ndege zake zote, na kwa wiki chache ikabeba zaidi ya watu 20,000 kwenda Ubelgiji. Wale nao waliitwa waliorudi, ingawa wengi wa watoto wao walizaliwa Kongo na hawakuwahi kuona theluji. Tunalitaja jambo hilo bila kinyongo. Neno "kurudi" lina uzito kwa kila mutu anayeshushwa kwenye ndege na sanduku moja, fasi ambayo wengine wanaiita kwake.

Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba alisafiri tena. Safari hii alipandishwa DC-4 kule Moanda, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa na kupigwa njia nzima. Ni zaidi ya kilomita 1,700. Walitua hapa Luano saa za jioni, na usiku uleule wakauawa. Mwili wake uliharibiwa. Kilichobaki kilikuwa jino, lililopelekwa Ubelgiji na polisi mmoja wa kule na kukaa miaka mingi ndani ya nyumba ya mutu. Tarehe 20 Juni 2022, Brussels, jino hilo lilikabidhiwa kwa watoto wake, likapanda ndege, likatua N'Djili, likapitishwa katika inchi mpaka Shilatembo, karibu na hapa, fasi alipouawa, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Masaa nane ya ndege, yaliyongojewa miaka 61. Wengi wetu tulisimama barabarani siku ile lilipopita. Hatukwenda kwa siasa. Tulikwenda kwa sababu tunajua namna inavyochukua muda mutu kurudi kwao.

Namna njia ilivyofungwa

Baada ya uhuru tulikuwa na ndege zetu. Air Congo ilianza mwaka 1961, ikageuzwa Air Zaïre mwaka 1971, na katika miaka hiyo DC-10 zetu wenyewe zilikuwa zinatua Brussels. Wazazi wanakumbuka wanafunzi wa bursa waliokwenda na kurudi kwa likizo kama mutu anayekwenda Likasi. Lakini mwaka 1974 Ubelgiji ilifunga mlango kwa wafanyakazi wapya kutoka inje. Mwaka 1995 ilikuwa mara mbili: Air Zaïre ilifilisika, na inchi za Schengen zikaanza kutumia mpaka mmoja na viza moja. Sabena yenyewe ikaanguka mwaka 2001, na kampuni nyingine ya Brussels ikachukua laini. Toka mwaka 2006 ndege za kampuni za Kongo hazina ruhusa ya kuingia anga ya Ulaya, juu ya mambo ya usalama. Air Congo mpya iliyozaliwa mwisho wa mwaka 2024, pamoja na Ethiopian Airlines, ilianza kazi kwa safari za ndani ya inchi.

Watu wanatuuliza, na hata wafadhili wamoja wanatuuliza: kwa nini kijana atumie maelfu ya dola kwa watu wa magendo, wakati tikiti ya ndege ni bei ndogo kuliko hiyo? Jibu liko kwenye meza ya kupokelea mizigo pale N'Djili. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001, kampuni ya ndege inayomfikisha Ulaya mutu asiye na makaratasi inalipa faini ya maelfu ya euro kwa kila mutu, tena inapaswa kumrudisha kwa gharama yake. Kwa hiyo mpaka wa Ubelgiji hauko tena Zaventem. Umehamishwa, uko Kinshasa, mikononi mwa mfanyakazi wa kampuni anayeangalia paspori yako. Asipoona viza, tikiti yako ni karatasi ya kufungia karanga.

Ndipo njia ya Thieffry inapofunguka tena. Mutu anatoka Lubumbashi, anavuka Brazzaville, Kameruni, Nijeria, anafika Niger, anaingia Algeria kwa gari la mizigo, anafanya kazi ya ujenzi miezi kumi alipe sehemu inayofuata, anafukuzwa mpaka mpaka wa Niger, anaanza tena. Wamoja wanafika Moroko na kungoja bahari. Wenzetu waliofika Ulaya kwa njia hii wanahesabu miaka miwili, mitatu, hata mitano. Na wako ambao hatuwataji hapa kwa majina, ambao jamaa zao wanakuja mkutanoni na picha mkononi. Kwa wale, kilomita zilezile 6,240 zilikuwa ndefu kuliko uhai wao.

Halafu siku ya kurudi inafika. Ombi limekataliwa mara ya mwisho, ao mutu mwenyewe amechoka, ao mama ni mgonjwa. Siku hiyo hakuna anayeuliza viza. Asubuhi yuko Zaventem, jioni yuko N'Djili. Mwenzetu mmoja alisema katika mkutano, na tuliandika maneno yake vile alivyoyasema: "Kwenda ilikuwa miaka tatu, kurudia ilikuwa sikumoya. Ile sikumoya ndiyo inaniuma kupita miaka tatu." Hatukuwa na la kuongeza. Mutu anapokwenda pole pole, moyo unapata muda wa kufuata. Anaporudishwa kwa masaa nane, mwili unafika mbele na moyo unabaki njiani, na familia inayompokea haielewi kwa nini hasemi.

Kilomita 1,550 za mwisho

Tunafika sasa kwenye kipande ambacho kwa chama chetu ndicho chenye kazi zaidi. Tikiti ya kurudishwa, mara nyingi, inaishia Kinshasa. Kwenye karatasi za kule imeandikwa kwamba mutu amefikishwa "kwao". Lakini kwao ni Katuba, ao Kolwezi, ao Kalemie. N'Djili ni mbali na Luano kwa kilomita 1,550, na ajabu ni kwamba N'Djili mpaka Goma ni karibu kilomita zilezile. Mutu wa mashariki na mutu wa kusini wanashushwa wote kwenye uwanja mmoja, na wote wawili wako mbali na nyumbani sawa.

Umbali huu wa ndani nao una historia. Reli ya kwanza iliyofika Elisabethville, mwaka 1910, haikutoka Léopoldville. Ilitoka kusini, upande wa Rhodesia. Kwa miaka mingi msafiri wa Katanga alikwenda baharini kwa njia ya Cape Town, si kwa njia ya Matadi. Katikati ya miaka ya 1920 Sabena ilifungua laini ya ndege ya Boma, Léopoldville, Luebo mpaka Elisabethville, zaidi ya kilomita 2,000, kwa kufuata vituo. Mwaka 1928 reli ya BCK ikafika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na toka hapo meli ilishuka mto Kasai mpaka Léopoldville. Treni na meli, meli na treni: ndiyo njia iliyoitwa ya kitaifa, na ilikuwa ya siku nyingi hata ilipokuwa nzima. Leo treni ya kwenda Ilebo inajulikana kwa kutoka bila kujua itafika lini, na barabara ya Kikwit, Tshikapa na Mbuji-Mayi inakatika kila mvua. Kwa hiyo mutu asiye na pesa ya ndege hana masaa mawili mbele yake. Ana wiki, na wakati mwingine ana miezi.

Mambo yenyewe yanakwenda hivi. Ndege ya Brussels inafika Kinshasa mara nyingi jioni. Ya Lubumbashi inaondoka kesho yake ao siku nyingine. Mutu aliyezaliwa Katanga, ambaye hakuwahi kukanyaga Kinshasa, anatoka nje ya N'Djili usiku, anasikia Lingala kila upande, simu yake ina laini ya Ulaya isiyoshika tena, na mfuko una euro chache za kubadilisha kwa bei ya mutu anayemwona ni mgeni. Mwenzetu mwingine alisema: "Ndeke ilinitupa Kinshasa. Nilikuwa mu inchi yangu na sikuyua mutu." Ni pale, zaidi ya fasi nyingine, watu wanapopotea: wanakaa kwa jirani ya jirani, wanaona haya kupiga simu nyumbani mikono mitupu, na mwaka unapita.

Kwa hiyo komite yetu iliona kwamba kazi ya kwanza ya kotizasio si mkopo wa biashara, ingawa huo nao unakuja. Kazi ya kwanza ni kilomita 1,550: mutu wa kumpokea pale nje anayesema Swahili, fasi ya kulala, laini ya simu, tikiti ya N'Djili mpaka Luano pamoja na Go-Pass, na hapa Lubumbashi mwanamemba mmoja wa kwenda kwanza kwa familia, kuongea nao taratibu mbele ya mwenye kurudi hajaingia mlangoni. Hilo la mwisho halina bei, lakini wengi wanatuambia ndilo liliwasaidia zaidi.

Wafadhili wetu, mnapotuuliza pesa yenu inafanya nini, tunawaomba mkumbuke hesabu hii. Zaventem mpaka N'Djili wakubwa wameshalipa. Walilipia ndege, polisi, na makaratasi. N'Djili mpaka Luano hakuna aliyeandikwa kulipa, ndipo sisi tunajiandika. Na ninyi wanamemba, mnapoona kotizasio ya mwezi ni nzito, mkumbuke kwamba kila mmoja wetu alisimama pale nje usiku akitafuta sauti anayoielewa.

Mkutano ujao utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa ya kawaida, baada ya ibada. Mwenye habari ya mutu aliyeko Kinshasa akitafuta njia ya kufika nyumbani, asingoje siku ya mkutano. Atuambie leo.